Nywele za Mwili, Wembe na Macho ya Watu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nina miaka 14 kwenye kazi ya saluni, kwanza Tanga, sasa Dar es Salaam. Maswali ya nywele za kichwani mteja huyauliza kwa sauti, mbele ya wote. Ya nywele za mwilini husubiri draya ianze kuunguruma, kisha hunong'ona huku akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Nimeyajibu kwa mdomo hadi nimechoka, ndipo nikaona niyaandike. Mengine ni ya wembe na ngozi tu. Mengine huanzia kwenye nywele yakaishia kwa mume, kwa wifi, kwa muuza krimu na kwa daktari.

Kwanza, tuziite nini? Maneno mengine naona aibu hata kuyatamka.

Vile vinywele laini vya mikononi, miguuni na tumboni ni malaika. Ndiyo, neno lilelile la viumbe wa mbinguni na la kitoto kichanga, na sijapata kusikia jina zuri kuliko hilo. Siku hizi wengi husema vinyweleo. Za chini zina jina lake, mavuzi, ambalo si tusi, ila jaribu kulitamka mbele ya mama mkwe. Hapa nitasema nywele za kinena, ili uweze kusoma hata ukiwa umebanwa kwenye daladala na jirani anachungulia simu yako.

Kunyoa makwapa na kinena si mambo tuliyoiga kwa Wazungu?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Kwa Waislamu, kunyoa kinena na kunyonyoa kwapa ni katika mambo ya fitra, pamoja na kukata kucha, kupunguza masharubu na kutahiri. Hadithi aliyoipokea Anas inataja siku 40 kuwa ndio ukomo wa kuziacha. Pwani yetu iliishi na kanuni hiyo zamani sana kabla ya nyembe za madukani. Na kanuni yenyewe haikumlenga mwanamke peke yake. Mwanamume naye ana kwapa na ana kinena, na siku 40 zake zinahesabika vilevile. Makungwi wa Pwani hufunda mke na mume kunyoana, kama wanavyofunda kuogeshana: ni kutunzana.

Sitaki kupamba mambo, hata hivyo. Ipo pia hadithi ya Jabir inayowataka wasafiri wasiwatokee wake zao kwa ghafla usiku, ili mwenye nywele timutimu apate kuzichana na ambaye mumewe hakuwepo apate kunyoa. Ukiisoma unaliona jicho la mume pale. Unaona pia kwamba mke anapewa muda wake, asifumaniwe. Siku moja tulibishana saluni juu ya hadithi hii, mmoja akisema ni heshima kwa mke, mwingine akisema ni yaleyale, mpaka rangi ya mteja ikapitiliza muda na nikalazimika kumrudishia nusu ya pesa.

Kilichotoka Marekani na Ulaya ni kingine: kunyoa miguu, mapaja na mikono, na imani kwamba mwili wa mwanamke kamili hauoti kitu.

Basi huko Marekani walianzaje?

Kwa tangazo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani wa kike alivaa gauni la kufika chini na mikono mirefu, na kunyoa lilikuwa jambo la kidevu cha baba. Mitindo ikaanza kukata mikono ya magauni. Mwaka 1915 kampuni ya Gillette ikatoa wembe maalumu kwa wanawake, ikauita Milady Décolleté, na mwaka huohuo magazeti ya mitindo yakawa yanatangaza dawa za kutoa nywele za kwapa, ambazo ghafla zilikuwa nywele zisizofaa kuonekana. Fikiria ujanja huo. Nywele zilikuwepo tangu Hawa. Aibu ndiyo iliyofika dukani, imefungwa pakiti moja na dawa yake.

Miguu ilifuata. Sketi zilipanda miaka ya 1920. Mei 1940 soksi ndefu za nailoni zikaanza kuuzwa nchi nzima, kisha Marekani ikaingia vitani, na nailoni ikaenda kushonea miavuli ya askari wa kuruka kutoka kwenye ndege. Wanawake wakabaki na miguu wazi, wengine wakiipaka rangi ifanane na soksi. Jaribu kupaka rangi juu ya malaika uone inavyokaa.

Kinachoniuma zaidi ni waliolipa kwa afya zao. Miaka ya 1920 daktari mmoja wa New York, Albert Geyser, alieneza mashine iliyoitwa Tricho, ya kutoa nywele za uso kwa eksirei. Haikuuma, na nywele zilidondoka kweli. Miaka ikapita, ngozi ikaanza kukunjamana, vidonda vikatoka, na wengine wakapata saratani palepale walipochomwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikaja krimu ya Koremlu, ambayo ndani yake mlikuwa na thali, sumu iliyotumika kuulia panya. Waliojipaka walishikwa na ganzi na maumivu ya miguu, wengine wakapooza au wakapoteza kuona. Kampuni ilifilisika 1932, na mkasa wake ukawa mmojawapo wa mifano iliyotumika kudai sheria ya 1938 ya kudhibiti dawa na vipodozi huko. Sisi tunaojua krimu za kujichubua zenye zebaki hatuna la kushangaa hapo.

"Kumfanya mwanamke chombo" maana yake ni nini hasa?

Kiswahili kilishasema: mwanamke si chombo cha starehe. Wasomi wamelichambua zaidi. Mwaka 1995 mwanafalsafa wa Marekani, Martha Nussbaum, alitaja njia saba za kumgeuza mtu kitu. Mojawapo ni kumtumia kama kifaa. Nyingine ni kumwona hana uamuzi wake, au kumwona anabadilishika na mwingine kama vikombe vya seti moja, au kutojali anavyohisi. Miaka miwili baadaye Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts wakaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito: msichana anayetazamwa hivyo tangu utotoni mwishowe huanza kujitazama mwenyewe kwa macho ya watu. Anatembea barabarani huku anajiona kwa nje.

Mwaka 1998 wao na wenzao walichapisha jaribio. Waliwavalisha wanafunzi ama sweta ama nguo ya kuogelea, kila mtu peke yake chumbani mwenye kioo, kisha wakawapa hesabu wafanye. Wasichana waliovaa nguo ya kuogelea walifanya vibaya kuliko wenzao wa sweta. Wavulana haikuwapunguzia kitu. Na mle chumbani hakukuwa na mtu anayewatazama.

Mimi nimeyaona bila jaribio. Siku mbili kabla ya nikaha, shangazi wa bwana harusi aliniletea bibi harusi. Shangazi mwenyewe alikaa kwenye kiti changu, akaanza kuagiza: hapa zitoke, hapa zitoke, nyusi ziwe nyembamba, singo apakwe mara mbili. Binti alilala kimya, anatazama feni. Nilipobandika sukari ya kwanza pajani nikamwuliza, "Mwanangu, inakuunguza?" Shangazi akajibu, "Haimuunguzi."

Mbona wanaume wa kwetu wengi wanapenda mwanamke mwenye malaika miguuni? Hiyo si heshima kwa mwili wa asili?

Ni kweli wanapenda. Hapa Bongo mwanamke mwenye malaika miguuni anasifiwa, na yakishuka kutoka kifuani kwenda tumboni vijana wanayaita gadeni lavu. Nina mteja anayevaa sketi ya magotini kwa ajili hiyo tu, na namwelewa, maana yakitanda vizuri yanapendeza. Kwa hiyo dada wa New York ananyoa miguu ili apendeze, na dada wa Kinondoni anaiacha ili apendeze.

Lakini yasikilize maelezo yanayofuata sifa. Mwenye malaika mengi ana hamu kubwa. Ana bahati ya pesa. Ni mkali, umuoe kwa tahadhari. Mwili wake unasomwa kama lebo ya chupa, na wala hajasema neno. Halafu mwanamke huyohuyo akinyoosha mkono kushika bomba la daladala, kwapa likaonekana na nywele tatu, ataitwa mchafu na walewale waliosifia miguu. Ruhusa inatolewa kwa sentimita: hapa acha, hapa toa.

Wapo watakaosema afadhali sifa kuliko matusi. Sawa. Ila nikisimamishwa kituoni na mtu nisiyemjua anipe maoni yake juu ya miguu yangu, mimi huona nimekaguliwa.

Mume wangu hataki kuziona kabisa. Ana haki?

Ana haki ya kusema anachopenda, kama wewe ulivyo na haki ya kumwambia ndevu zake zinakuchoma. Mteja akiniuliza hivi, nami humuuliza: ukimwambia "leo hapana, nina vipele", nini kinatokea? Kama atanuna kidogo halafu mkalala, hiyo ni ndoa. Kama atakuonesha picha za wanawake kwenye simu akulinganishe nao, kama atakurudisha kwenu, kama atakupiga, basi wembe hautakusaidia. Zungumza na somo wako au na wakubwa unaowaamini, na kukiwa na kipigo nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Na yeye, ananyoa? Wengi hawajawahi hata kuliwazia hilo.

Wanaume nao hawafanywi chombo?

Wameanza. Vijana wa jimu wanakuja kutolewa nywele za kifua ili misuli ionekane pichani, na mmoja alimlilia mama yake nilipovuta waksi ya kwanza tu. Lakini hakuna anayemwambia mwenye kifua cha nywele kwamba si mwanamume.

Nina ndevu kidevuni. Nina kasoro gani?

Huyu ndiye mteja ninayemwaza sana. Kuna mama alikuwa akija saa mbili usiku, mimi nafagia, mtandio wake ameuvuta hadi puani. Kwa miaka sita alikuwa ananyoa kidevu kila alfajiri kabla mumewe hajaamka. Wembe aliuficha kwenye kopo la majani ya chai, kwa sababu mume hapiki chai. Nilipomwambia wapo wengi kama yeye, alicheka kwa hasira, akadhani namliwaza.

Wapo wengi. Nywele nene zinapoota kidevuni, juu ya mdomo au kifuani, pamoja na hedhi kuruka miezi au chunusi zisizoisha, mara nyingi ni homoni. Sababu kubwa ni ule ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, unaompata takriban mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Hauna aibu na unadhibitika. Daktari wa wanawake huuliza juu ya hedhi, hupima damu, pengine hupiga ultrasaundi. Kwa wengine ni urithi tu, au ni baada ya kukoma hedhi. Lakini nywele zikizuka kwa kasi na sauti ikawa nzito, usisubiri, maana pengine kuna uvimbe unaotoa homoni. Yule mama alikwenda. Siku hizi anakuja saa nne asubuhi, mtandio umeshuka shingoni.

Anayetaka kujua macho ya watu yanaweza kumfikisha mwanamke wapi na asikilize kisa cha Julia Pastrana. Alizaliwa 1834 Sinaloa, Meksiko, na hali iliyomfanya aote nywele uso mzima na mwili. Theodore Lent alimwoa, naye ndiye aliyekuwa akimzungusha Marekani na Ulaya na kumwonesha kwa kiingilio, wakimtangaza kuwa nusu mtu nusu mnyama. Alikuwa anaimba, anacheza dansi, anazungumza lugha zaidi ya moja. Mwaka 1860 alijifungua akiwa Moscow. Mtoto akaishi muda mfupi tu, naye mama akamfuata. Mume aliiuza maiti ya mke na mwana kwa profesa aliyeikausha isioze, kisha alipoona imekaa vizuri akaidai na kuendelea kuionesha, kwa kiingilio kilekile. Baadaye akaoa mwanamke mwingine mwenye ndevu na kumtangaza kuwa ni dada yake Julia. Maiti ya Julia ilizungushwa kwenye maonyesho hadi miaka ya 1970, ikaishia stoo nchini Norwei. Alizikwa kwao Sinaloa Februari 2013, baada ya msanii Laura Anderson Barbata kuidai kwa miaka. Zaidi ya miaka 150 hajazikwa, kwa sababu ya nywele.

Ukinyoa, zinarudi nyingi na nene zaidi. Kweli?

Si kweli. Mwaka 1928 Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alichapisha vipimo vyake na hakuona tofauti. Unywele usionyolewa una ncha nyembamba kama ya majani. Wembe ukiukata katikati, unatoka na ncha butu, unachoma kiganja, na wewe unasema umenenepa. Ingekuwa kunyoa kunazidisha, vipara wote wa mjini wangejaa nywele.

Lakini nywele ni uchafu, au siyo?

Jasho likikaa na bakteria ndilo linalonuka, na kwapa lenye nywele hushika harufu zaidi, ndiyo maana mwenye kunyoa hunusuru shati lake. Lakini kwapa linalooshwa kwa sabuni kila siku ni safi, liwe na nywele au lisiwe nazo. Za kinena zina kazi ya kupunguza msuguano wa ngozi kwa ngozi na kwa nguo. Anayenyoa kwa ajili ya dini yake ana sababu yake kamili, wala hahitaji kuikopea sababu ya kitabibu.

Nikienda kujifungua, lazima niwe nimenyoa?

Hapana. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2018 ya huduma wakati wa uchungu, halipendekezi wanawake wanyolewe kinena kwa mazoea kabla ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Hata kwa upasuaji, miongozo yake ya 2016 inasema nywele ziachwe, na zikilazimika kutolewa zipunguzwe kwa mashine, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo inayokaribisha vijidudu.

Lakini najua kwa nini mnauliza. Mimi mwanangu wa kwanza uchungu ulinianza usiku. Badala ya kutafuta usafiri, nilisimama bafuni na kurunzi na wembe, nanyoa nisikokuona kwa sababu ya tumbo, najishika ukutani uchungu ukija. Kwenye benchi la kliniki tulikuwa tumeambiana kwamba manesi wa pale hutukana wasionyoa. Nikajikata mara mbili. Nesi aliyenipokea hata hakutazama huko kwa maana hiyo. Aliuliza tu, "Hii damu ni ya nini?" Nikaona aibu kumjibu.

Njia ipi ni nzuri kwa ngozi yetu?

Hakuna isiyo na lake. Nywele zetu zimejikunja, kwa hiyo unywele uliokatwa karibu sana na ngozi hugeuka ukachoma ndani, na hapo ndipo vipele vya wembe vinapotoka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 ulikuta robo ya watu wanaotengeneza nywele za kinena wamewahi kujiumiza, na kikubwa ni kujikata.

Wembe: loweka kwanza kwa maji ya vuguvugu na povu, uwe mkali, nyoa kufuata nywele zilikolala, usirudie pahala pamoja mara nne. Usigawane wembe na mtu, hata dada yako wa tumbo moja, kwa ajili ya homa ya ini na Virusi vya Ukimwi. Ukimaliza urudishe kwenye karatasi yake kabla ya kuutupa, maana kuna mtu atatia mkono kwenye taka hizo kutafuta chupa.

Poda ya kunyolea, ile ya kukoroga na maji, ilitengenezwa kwa ajili ya wanaume weusi wa Marekani wenye vipele vya ndevu. Inayeyusha unywele, na ukiiacha itaanza na wewe. Jaribu kwanza padogo, fuata dakika zilizoandikwa, isiguse ndani ya sehemu za siri. Nimeshapokea mtu aliyesinzia nayo. Sitasimulia.

Sukari ndiyo ninayoipenda: sukari vikombe viwili, maji ya ndimu robo kikombe, maji robo kikombe, moto mdogo hadi rangi ya asali. Dondosha tone kwenye maji baridi, likijikusanya kama ubani uliotafunwa, epua. Iache ipoe hadi mkono uvumilie. Paka kinyume na nywele zilikolala, vuta kwa kufuata zilikolala, na nywele ziwe zimefika urefu wa punje ya mchele. Ikikushinda, utakuwa na kashata.

Leza hutafuta weusi wa unywele, na kwenye ngozi nyeusi mashine isiyofaa huunguza ngozi yenyewe. Uliza kama wana ile ya Nd:YAG. Wakikujibu "zote sawa", chukua mkoba wako.

Kutinda nyusi je?

Masheikh wengi wanakataza kwa hadithi ya kulaaniwa anayenyonyoa na anayenyonyolewa, na wapo wanaotofautisha. Muulize wako. Mimi mteja akitaka namtinda, akikataa simshawishi.

Binti yangu ana miaka 12, ameanza kuota, anataka wembe. Nimpe?

Muulize nani amemwambia kitu. Mara nyingi yupo: mwenzake bwenini, au mjomba mwenye utani mbaya. Mfundishe kuosha kwapa, mweleze kwamba haya ni ya kila mtu, na kama anyoe au asubiri mwamue pamoja. Ukimpa, simama naye mara ya kwanza. Nchi hii imemnyoa kichwa kwa sheria ya shule tangu darasa la kwanza, angalau kwapa lake aulizwe.

Kwa nini nyembe za pinki ni ghali kuliko za bluu?

Kwa sababu tunanunua. Uchunguzi wa jiji la New York wa 2015 ulikuta bidhaa za wanawake zinazidi za wanaume zinazofanana kwa wastani wa asilimia 7, na jimbo la New York likapiga marufuku bei za aina hiyo mwaka 2020. Chukua ya bluu, ngozi haijui rangi.

Na wasionyoa kabisa, wale maarufu, imewafikisha wapi?

Mwaka 1999 Julia Roberts, mwigizaji wa Marekani, aliinua mkono kupungia watu kwenye uzinduzi wa filamu yake London, kwapa lina nywele, na zaidi ya miaka 20 baadaye bado kuna wanaokumbuka kwapa wasikumbuke filamu. Mwaka 2017 mwanamitindo Arvida Byström wa Uswidi alitokea kwenye tangazo la Adidas na malaika yake miguuni, akasema alipokea vitisho vya kubakwa. Kwa sababu ya miguu iliyoachwa kama ilivyo! Anayedhani haya ni mambo madogo ya urembo aanzie hapo.

Ukiongea hivi si unatukataza kujipamba? Na wewe biashara yako ndiyo hiyo.

Ndiyo biashara yangu, imesomesha watoto wawili. Siwakatazi. Kuna raha ya kutoka kwenye singo unanukia karafuu na liwa, ngozi imelainika, umepiga hina, umefukiza udi, na hiyo raha ni yako hata kama unarudi kulala peke yako. Nilichobadilisha ni kitu kimoja. Akija mtu ameletwa, namwomba aliyemleta akasubiri nje, kisha namwuliza aliye kitandani anataka nini. Wengine husema "kama alivyosema shangazi". Mmoja alisema anataka kulala nusu saa tu, nikamfunika khanga, nikafungua redio.

Wewe mwenyewe unanyoa?

Hili naulizwa kuliko yote. Makwapa nanyoa kila wiki, kwa sababu kutwa nzima nimeinua mikono juu ya vichwa vya watu kwenye joto la Dar. Miguu siigusi. Yaliyobaki hayakuhusu, mdogo wangu.